Aliyemlea Mchezaji Naye Apimiwe

Hapa Butali, Kakamega, miwa hupimwa, mkulima akalipwa uzito wake, na sukari ikabaki kwa mwenye kiwanda. Biashara ya wachezaji haiko mbali na hiyo. Nimewasikia mashabiki wa AFC Leopards wakibishana juu ya Victor Wanyama, aliyepata kuichezea klabu yao. Inasemekana Celtic ya Scotland ilimnunua 2011 kutoka Ubelgiji kwa pauni laki tisa. 2013 ikamwuza Southampton ya Uingereza kwa pauni milioni 12.5. Nani aliyefaidi?

Wako wasemao Celtic. Wengine husema Southampton, iliyomtumia misimu mitatu kisha, 2016, ikamwuza Tottenham kwa milioni 11 hivi.

Mimi naona mizani yao ina upungufu: wamemsahau mlezi. Kanuni za FIFA, mchezaji anunuliwapo na klabu ya nchi nyingine, hutenga asilimia 5 ya bei kwa klabu zilizomfunza tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa bei ile ya 2013, klabu iliyomlea mwaka mmoja tu utotoni ilistahiki pauni 31,250. Lakini haki hii hailipwi kwa maneno ya barazani. Yataka jina la mtoto liwe limesajiliwa, pamoja na tarehe zake.

Waungwana, mchumia juani hulia kivulini. Klabu zetu ndogo, tangu Butali hata Lamu, zinachuma juani. Pasipo daftari, kivuli hukaliwa na wengine. Viongozi wake na washike kalamu.