Garimoshi Lisilo na Moshi, Mji Usio na Kituo

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Sisi wenyeji wa Isiolo tunalidai deni la reli tangu tarehe 2 Machi 2012, siku ambayo viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET. Katika ramani ya mradi huo, reli itokayo Lamu inafika Isiolo kisha inagawanyika: tawi moja laelekea Sudan Kusini, la pili Moyale na Ethiopia, na la tatu Nairobi. Kwa sababu hiyo mji wetu ukapewa sifa ya kuwa kitovu cha mradi. Nilikuwa kidato cha kwanza wakati huo. Tangu siku hiyo barabara ya lami imefika Moyale, uwanja wa ndege umejengwa, na gati tatu za kwanza za bandari ya Lamu zimekamilika. Lakini hadi ninapoandika makala haya, hata taruma moja la reli halijalazwa katika ardhi ya Isiolo. Tumekuwa kitovu kisicho na mwili.

Sidhamirii kulia ngoa, ndugu msomaji. Ninadhamiria kuuliza swali ambalo naona tumelisahau katika mjadala wa reli: tunachokingojea hasa ni nini? Wengi hujibu kwa neno moja, kasi. Nadai kuwa jibu hilo ni potofu, na kwamba lugha yetu yenyewe, tukiisikiliza vyema, inatuelekeza kwenye jibu bora.

Niruhusiwe kuanza na kisa kidogo. Mwaka 2011, nikiwa darasa la nane, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa mada ya insha: safari niliyosafiri kwa garimoshi. Darasani tulikuwa Waborana, Wasomali, Wameru, Wasamburu na Waturkana, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuliona garimoshi kwa macho. Tuliandika hata hivyo. Mimi nililifanya langu litoe moshi mweusi, lipige honi na kuikata mbuga kama mshale. Nilipata alama 34 kwa 40. Mwalimu alinikosoa upatanisho wa kisarufi mahali pamoja. Ule moshi hakuugusa. Injini za mvuke zilikuwa zimestaafu nchini Kenya kabla hata ya sisi kuzaliwa, lakini sisi tungelijuaje hilo? Tulikuwa tumerithi neno bila ya kitu.

Mwaka 2025 nilihudhuria mkutano wa wanafunzi wa Kiswahili jijini Dar es Salaam. Nilimwuliza mwenzangu mmoja wa Dodoma kama alikuja kwa garimoshi. Akaangua kicheko. "Ndugu yangu, moshi wa wapi tena? Mimi nimekuja na Mchongoko."

Mchongoko ni jina walilolipa Watanzania treni mojawapo ya reli yao ya umeme. Safari za abiria katika reli hiyo zilianza Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, zikafika Dodoma mwezi uliofuata. Treni za Mchongoko zikajiunga Novemba mwaka huo huo. Pua yake imechongoka ili ikate upepo, na jina likatoka papo hapo. Treni ya aina hii haina kichwa kinachoyakokota mabehewa. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa yenyewe, na umeme unatoka katika nyaya zilizotandazwa juu ya reli. Kasi yake yaweza kufika kilomita 160 kwa saa, na safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma imekuwa ya muda usiozidi saa 4.

Hapa pana funzo la kwanza. Aliye na kitu hukipa jina. Asiye nacho hubaki na jina la zamani. Wapo walimu watakaonipinga kwamba neno halilazimiki kufanana na asili yake, na kwamba garimoshi ni neno halali hata moshi ukiisha. Ni kweli, wala sina ugomvi na washairi wanaolihitaji kwa ajili ya mizani. Lakini mtoto wa Isiolo hana treni ya kuisahihishia fikra yake. Kwake yeye moshi umo ndani ya neno, na neno ndilo treni yote aliyo nayo. Napendekeza basi katika vitabu vya shule garimoshi libaki kuwa jina la chombo cha mvuke, treni liwe jina la jumla, na hiki kipya tukiite treni ya umeme, bila ya kusubiri kamati.

Funzo la pili ni zito zaidi, nalo linahusu ile kasi. Kampuni binafsi za reli za Ujapani zina treni za umeme ambazo Wajapani huziita tokkyū. Tukilifasiri jina hilo neno kwa neno tutapata maana ya haraka maalumu, lakini fasiri hiyo haituelezi siri yake. Siri ya treni hizo ni kwamba zinasimama katika vituo vichache mno. Kampuni ya Odakyu, kwa mfano, huwachukua abiria kutoka Shinjuku jijini Tokyo hadi eneo la milima la Hakone kwa treni iitwayo Romancecar, na abiria hulipa nyongeza juu ya nauli ya kawaida. Kwa hivyo kama tungeitafutia treni hii jina la Kiswahili, ningelikataa lile la treni ya haraka, nikaiita treni ya vituo vichache. Jina hilo linasema kweli. Linatueleza kinachotolewa kafara ili haraka ipatikane.

Ukweli huo niliuona mwenyewe mwaka 2018, nilipopanda treni kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa Madaraka Express, iliyoanza safari zake kati ya Mombasa na Nairobi mwaka mmoja kabla. Kati ya miji hiyo miwili mna vituo saba vya abiria: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Iko treni inayosimama kote humo, na iko ya moja kwa moja. Sisi tulipanda ya moja kwa moja. Tulishangilia kasi yake, tukapiga picha. Kisha kituo cha Kibwezi kikatupita dirishani, kizuri, kimesakafiwa, na haikuchukua muda wa kulisoma jina lake mara mbili. Nilijikuta nikiwaza: Isiolo ikipata reli, nitakuwa upande upi wa dirisha hili?

Tusije tukawasingizia Wajapani. Treni zao za vituo vichache hazifanyi kazi peke yake. Katika reli ile ile hupita treni nyingine za polepole zinazosimama kila kituo. Ratiba imepangwa ili treni ya polepole ijitenge pembeni katika kituo fulani, ile ya kasi ipite au isimame kando yake, na abiria wahame kutoka hii kwenda ile kwa kuvuka jukwaa tu. Haraka ya mmoja imejengwa juu ya subira ya mwenzake, na mwenye subira hulipwa kwa kuunganishiwa safari. Aidha kampuni hizo zilitambua mapema kwamba kituo ndicho kinachozaa abiria. Kobayashi Ichizō, mwanzilishi wa reli iliyokuja kuitwa Hankyu, alijenga nyumba kandokando ya reli yake kuanzia mwaka 1910 na kuziuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Huko Takarazuka, mwisho wa reli, akaanzisha kundi la maigizo la wanawake ambalo lilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1914. Hakungoja mji uwe mkubwa ndipo treni isimame. Alisimamisha treni, mji ukakua.

Sasa turudi nyumbani. Msomaji wa Isiolo ataniuliza: je, na maziwa? Swali lake ni la haki. Kila alfajiri akina mama wa mji wetu hupakia maziwa ya ngamia katika mabasi yaendayo Nairobi, umbali wa kilomita 280 hivi, ili yafike soko la Eastleigh kabla ya kuharibika. Nani anayehitaji kasi kuliko wao? Lakini hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Kabla maziwa hayajakimbia, sharti yapakiwe. Galoni haipandi treni inayopita. Treni ya kilomita 160 kwa saa isiyosimama Isiolo ni polepole kuliko basi kuukuu linalosimama, kwa kuwa kwa mama yule mwendo wake ni sifuri.

Neno kituo lenyewe limeyasema haya yote. Linatokana na kutua, yaani kushusha mzigo kichwani au begani. Ndege hutua, msafiri hutua, hata jua hutua. Katika ushairi wetu pia kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, mahali ambapo mtunzi anaushusha mzigo wa maana aliokuwa ameubeba tangu mshororo wa kwanza. Ubeti usio na kituo una mizani na vina, lakini haujatua. Reli isiyo na kituo Isiolo itakuwa na vyuma na nyaya, lakini kwetu haitakuwa imetua.

Funzo la tatu limo katika methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni reli ya kale ya mita moja, ambayo imefika Nanyuki tangu miaka ya 1930. Kutoka Isiolo hadi Nanyuki ni kilomita 80 na ushei. Reli hiyo iliachwa ikamea nyasi kwa miaka mingi, kisha ikakarabatiwa, na mwishoni mwa mwaka 2020 treni ya abiria ikarejea Nanyuki kutoka Nairobi. Wapo walioicheka kwa kuwa ilishindwa mbio na matatu. Husema kwamba reli nyembamba ni ya kikoloni, haina mwendo, na kwamba heri tungoje ile pana ya LAPSSET.

Kwa hao nina taarifa moja. Reli ya kampuni ya Odakyu ina upana wa milimita 1,067. Yetu ya kale ina milimita 1,000. Tofauti haizidi upana wa vidole vinne. Tarehe 27 Septemba 1957, treni ya umeme ya kampuni hiyo, iliyobuniwa kwa ushirikiano na watafiti wa shirika la reli la taifa, ilifikia kilomita 145 kwa saa katika majaribio, rekodi ya dunia wakati huo kwa reli nyembamba. Miaka saba baadaye Ujapani ikazindua Shinkansen, treni ya kasi iliyoishangaza dunia. Kumbe reli nyembamba haikuwa laana. Kilichowasaidia ni wepesi wa mabehewa, umeme, matunzo ya njia na akili iliyowekezwa katika kile walichokuwa nacho.

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si mhandisi. Najua kwamba kati ya Nanyuki na Isiolo barabara hupanda hadi Timau kisha huporomoka kuelekea joto letu, na kwamba mteremko huo una gharama. Sisemi kwamba tawi la Nanyuki lirefushwe kesho. Nasema kwamba tumefundishwa kuidharau njia iliyo karibu kwa sababu ya njia iliyochorwa, na wakati tukidharau, viwanja vinauzwa kwa jina la stesheni ambayo hakuna aijuaye itakapokuwa.

Natoa rai tatu. Kwanza, walimu na waandishi wa vitabu vya shule wawape watoto wa kaskazini treni ya leo katika maneno, wakati tukiingoja ya chuma. Pili, habari za mradi, pamoja na mahali patakapojengwa vituo, zitolewe kwa Kiswahili na kusomwa hadharani sokoni. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na imempa raia haki ya kupata habari. Haki mbili hizi zikitenganishwa, mama wa maziwa hana hata moja. Tatu, viongozi wetu wakikaa mezani na wajenzi wa reli, wasiulize itakwenda kasi gani. Waulize itasimama wapi, mara ngapi kwa siku, na kwa nauli gani.

Mwalimu wangu wa darasa la nane angali anafundisha, na nina hakika ile mada ya insha bado anaitoa. Nikijaliwa kuiandika upya, sitaweka moshi wala mshale. Nitaandika juu ya treni iliyopunguza mwendo ilipoukaribia mji, ikasimama, milango ikafunguka, na mama mmoja akaitua galoni yake ndani. Siku insha hiyo itakapokuwa habari ya kweli, deni litakuwa limelipwa.

Mwandishi ni mwenyeji wa Isiolo na mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili.