Barua Zilizofichika Ndani ya Thunderbird

Mwezi huu tumeletewa suali na bibi mmoja aliyefiwa na mumewe. Marehemu alikuwa akiandikiana kwa barua pepe na watu aliowakopesha na waliomkopesha, na barua hizo akizitunza katika kompyuta ya nyumbani kwa programu iitwayo Thunderbird. Sasa warithi wataka kujua nani adai na nani adaiwa, kwani urithi haugawanywi kabla ya deni kulipwa, na barua za mwaka mzima hazionekani. Auliza: je, zimepotea?

Huenda hazikupotea. Lakini jambo la kwanza ni kuzichukulia nakala. Fungueni sehemu ya Help, kisha Troubleshooting Information, na hapo palipoandikwa Profile Folder mtaonyeshwa mahali barua zilipo. Ifungeni programu, mkainakili folda hiyo nzima katika diski nyingine. Asiyefanya hivi asiendelee mbele.

Kisha tazameni lililo jepesi. Juu ya orodha ya barua kuna kichujio, nacho kina alama ya pini. Pini ikibonyezwa, kichujio hukufuata kila folda uiendeayo. Mtoto akigusa alama ya nyota, barua zote zisizo na nyota hutoweka machoni, nazo zipo. Ni wangapi waliohuzunika bure kwa ajili ya nyota hiyo!

Ikiwa siyo hiyo, jueni kwamba kila folda kwa desturi ina faili mbili. Moja ina barua zenyewe, zimefuatana kama kurasa za daftari. Ya pili, yenye mkia wa.msf, ni fahirisi tu. Fahirisi ikiharibika, daftari huonekana tupu. Bonyezeni jina la folda kwa upande wa kulia wa kipanya, mchague Properties, kisha Repair Folder, nayo fahirisi itaandikwa upya. Ila kama barua zilikuwa zikiletwa kwa njia ya IMAP, asili yake iko kwa mwenye kutoa huduma, na kilicho nyumbani ni nakala. Kuitengeneza folda ya namna hiyo ni kuitupa nakala na kuiagiza tena. Basi ikiwa akaunti ya marehemu imekwisha fungwa, msithubutu.

Na lau barua zilifutwa? Hapa ndipo penye siri. Kwa barua zilizoshushwa kwa njia ya POP, kufuta si kuondoa. Barua hutiwa alama tu, na maneno yake hubaki katika faili. Juu ya kila barua kuna mstari wa X-Mozilla-Status. Iliyosomwa huandikwa 0001. Iliyosomwa kisha ikafutwa, 0009. Mwenye uangalifu aweza kuifungua ile nakala kwa programu ya maandishi matupu, akageuza 0009 kuwa 0001, akairudisha mahali pake Thunderbird ikiwa imefungwa, na akaifuta ile faili ya .msf. Barua hurejea.

Kinachoangamiza barua hizo kabisa ni kubanwa kwa folda, yaani Compact. Na programu huweza kubana ikiona nafasi itakayookolewa imepita kiasi kilichowekwa. Katika Settings, upande wa General, chini ya Network & Disk Space, iondoeni alama ya amri hiyo mpaka kazi iishe.

Vijana nao wauliza vipi barua mpya zitakaa juu. Teremkeni mpaka mwisho wa ukurasa huo huo wa General, mfungue Config Editor, mtafute mailnews.default_sort_order, na thamani yake ikiwa 1 mwiandike 2. Folda ambazo mmekwisha kuzipanga kwa mkono hazitageuka. Hizo bonyezeni neno Date juu ya orodha. Katika ukurasa huo kila kilichogeuzwa huonekana kwa wino mzito, nacho chaweza kurudishwa kilivyokuwa. Msilolijua maana yake, liacheni.