Malindi ya Gurnah
Mgeni akishuka bandarini Unguja, waongoza watalii humkimbiza Shangani kwenye nyumba ya Freddie Mercury. Si vibaya, ila Malindi alikokulia Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya Fasihi ya 2021, iko papo hapo, kando ya bandari anayoipa mgongo. Pita asubuhi samaki wakinadiwa, maji ya barafu yanalowesha ndara. Pwani hii ndiko pepo za kaskazi zilikokuwa zikileta majahazi ya Uarabuni. Msomaji wa Peponi, riwaya ya Gurnah, asihangaike kutafuta duka la tajiri Aziz: mji wa pwani wa riwaya hiyo mwandishi hakuupa jina. Na tusiwacheke wageni, maana riwaya hiyo ya 1994 tuliipata kwa Kiswahili 2022, kwa juhudi za Ida Hadjivayanis.