Majibu Safi, Mgonjwa Hoi

UPEPO WA KUSI, na Mwanamisi Juma

Wiki hii sina nafasi ya mbuzi wa jirani. Wanaomfuatilia wawe na subira: yu hai, na kanga yangu nyingine ameshaitafuna. Wiki hii nina hasira na daktari.

Nilimsindikiza wifi yangu kwenye kliniki moja hapa Diani, moja ya zile zenye kiyoyozi, maua ya plastiki na binti wa mapokezi anayekuuliza utalipaje kabla hajakuuliza unaumwa nini. Wifi amechoka. Sisemi uchovu wa mtu aliyetoka sokoni. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiumua unga wa mahamri kabla ya adhana. Sasa anaamka jua limeshapanda, kajitanda blanketi, Ukunda, katika joto hili la kaskazi ambalo hata mijusi hutafuta kivuli. Nywele zinabaki kwenye kitana. Choo anakipata kwa kudra. Mwili unaongezeka ilhali sahani inapungua. Bintiye anayesoma Mombasa ndiye aliyemwambia, mama, hiyo ni thairoidi, tezi ya shingoni, kapimwe.

Akapimwa. Daktari akaitazama karatasi, akaitazama shingo, akatabasamu. "Mama, uko sawa kabisa. Mbona shingo yenyewe haijavimba? Punguza mawazo, punguza wali." Akaita mgonjwa mwingine.

Kwale hii faili za mashamba hukaa wazi hadi wajukuu wakaota mvi. Faili ya wifi yangu ilifungwa kabla kiti hakijapata joto.

Basi nasema mapema ili wasiopenda wahamie ukurasa wa michezo: karatasi safi haijamponya mtu. Daktari anayeishia hapo amefanya nusu ya kazi na kulipwa nzima.

Haki yake nampa. Kipimo kile, TSH, si cha kupuuzwa. Homoni hiyo inayopimwa haitoki shingoni. Hutoka kwenye kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo, pituitari, ambacho kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ikizembea, amri huzidi, na TSH hupanda. Maabara nyingi huona kuanzia 0.4 hivi hadi 4 kuwa ni sawa, na kwa watu walio wengi, TSH ikiwa humo, tezi haina kosa. Nalijua hilo, msiniandikie.

Lakini kipimo hicho kinamwamini mtoa amri. Na mtoa amri mwenyewe akiugua? Mwaka 1937 daktari Mwingereza, Harold Sheehan, aliandika habari za wanawake waliovuja damu nyingi mno walipojifungua, hata pituitari zao zikaharibika. Mwanamke wa namna hiyo huweza kukosa maziwa ya kunyonyesha, hedhi isirudi, akaishi miaka na uchovu na baridi, na TSH yake ikasoma sawa huku T4, homoni yenyewe ya tezi, iko chini. Wifi alipomzaa kitinda mimba wake alikimbizwa usiku kwa teksi kutoka Mwabungo, akaongezwa damu, na kiti cha nyuma cha gari lile hakikutakata tena. Mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo. Daktari aliuliza? Thubutu!

Hakuuliza pia mkobani mna nini. Mlikuwa na vidonge vya kuotesha nywele, maana zinakatika, na vidonge hivyo vimejaa biotini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba biotini nyingi huvuruga vipimo vya maabara. Kwenye baadhi ya mashine huishusha TSH kwa uongo na kuipandisha T4. Ndiyo maana mtu hushauriwa aviache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu. Wifi alivimeza asubuhi ileile, kwa chai.

Na hiyo shingo! Tele ni watu wenye tezi iliyolegea na rovu hawana. Kungoja rovu ndipo uamini mgonjwa ni udaktari wa enzi za kabla chumvi haijatiwa iodini.

Tulipotoka ndipo hasira yangu ilipovuka barabara. Pale stendi ya Ukunda kuna mchuuzi mwenye kipaza sauti na unga wa mwani: thairoidi, presha, sukari, nguvu za kiume, nadhani na kesi za mashamba. Sina ugomvi na mwani. Akina mama wanaoulima kule Kibuyuni ni wachapakazi, na sabuni ya mwani naogea. Lakini mwani una iodini, na iodini ikizidi huweza kuitibua tezi iliyokuwa imetulia. Hatua chache mbele, duka la dawa lilikuwa tayari kumuuzia vidonge vyenyewe vya homoni ya tezi bila karatasi ya daktari. Asiyevihitaji akivimeza, moyo humwenda mbio na mifupa humpungua nguvu.

Wifi akanunua unga. Nikafoka. Akaniambia, "Huyu angalau kaniuliza ninalalaje."

Kweli, alimuuliza. Alimpa kigoda, akamuuliza ana watoto wangapi, chakula kinapita vipi, mume yuko wapi, akamsikiliza hadi akamaliza. Waganga wa Kwale hawakujenga nyumba za ghorofa kwa ujuzi wa mizizi. Wamezijenga kwa kusikiliza. Kila daktari anayemtoa mtu mbio na karatasi safi anawapelekea mteja, tena bila kudai kamisheni.

Kesho yake tukapanda matatu hadi hospitali ya Msambweni, tukapanga foleni na wenzetu wa Lunga Lunga. Foleni ndefu, kiyoyozi hakuna, feni moja inazunguka kwa huruma. Muuguzi akamfunua kope la chini, akatazama. "Dada, hii damu yako nina wasiwasi nayo." Ikapimwa, iko chini. Safura, hedhi nzito, lishe: kwetu sababu hazikosekani, na upungufu wa damu nao humchosha mtu na kumkatia nywele. Akaulizwa uzazi wake ulikuwaje. Akaambiwa aviache vidonge vya nywele, arudi apimwe TSH na T4 pamoja. Majibu hayajatoka ninapoandika.

Huenda thairoidi ikaonekana haina kosa lolote, na bintiye wa Mombasa akaaibika. Hewala. Hatukutoka nyumbani kwenda kuisingizia tezi. Tulikwenda kuuliza kwa nini mtu mzima anashindwa kuinuka kitandani, na swali hilo halijibiwi kwa namba moja.

Najua tayari yuko daktari anayechukua simu anikumbushe kwamba mimi sikusomea udaktari. Ni kweli, sikusomea. Basi anieleze kwa nini swali la uzazi lilikuwa kichwani mwangu na halikuwa kichwani mwa aliyelipwa.