Sikio Halitoshi Kuweka Taimingi

Hoja kwamba fundi wa kweli huweka taimingi ya Land Rover ya zamani kwa sikio, akizungusha distributa mpaka injini iimbe, naikataa. Injini isiyo na mzigo hupenda cheche iwahi mno. Hapa Ulemo uwanjani itanguruma vizuri. Ipakie Land Rover mahindi, ipandishe mlima Sekenke, uisikie inavyogonga. Cheche imewahi, mlipuko unaikuta pistoni ikiwa bado inapanda, na pistoni huweza kutoboka. Ikichelewa, nguvu hupotea na injini huchemka.

Wanaotetea sikio wanasema vifaa hatuna. Vifaa gani? Balbu ya volti 12 na waya vinatosha. Rekebisha kwanza mwanya wa pointi, maana ukiugusa baadaye taimingi inahama. Leta silinda ya kwanza kwenye alama ya puli, ikiwa kwenye mgandamizo. Unganisha balbu kati ya waya wa koili uendao kwenye distributa na bodi, washa swichi, zungusha distributa taratibu. Balbu inapowaka tu, pointi zimefunguka: kaza hapo.

Sikio lina kazi yake, baadaye, mlimani na mzigo. Mafundi, wafundisheni vijana balbu kwanza.