Usilipie kozi kabla hujajua chuo gani kitaipokea

Leo naomba nitoke kidogo kwenye mambo ya vifungashio na picha za bidhaa, maana inbox imejaa swali lile lile, hasa kutoka kwa wenzangu mlioko huku Marekani: "Dada, krediti za chuo za mtandaoni nisome wapi kwa bei poa, huku biashara inaendelea?"

Kwa anayesikia leo: krediti siyo mkopo. Ni kipimo cha masomo. Shahada ya kwanza huku kwa kawaida ni krediti 120, na kozi moja mara nyingi ni krediti 3. Sasa kuna kampuni zinakuuzia kozi unazosoma kwa mwendo wako mwenyewe, hakuna mwalimu anayekusubiri saa mbili usiku, ukimaliza unazihamishia chuoni. Ukilinganisha na ada ya chuo chenyewe, ni kama bei ya jumla na bei ya dukani. Ndiyo maana tunaingia kichwa kichwa.

Mimi niliingia hivyo hivyo. Nauza vitenge na khanga hapa Houston, mchana niko ghalani kwa watu, na pale kupanda cheo wanataka shahada. Nikaona tangazo, nikalipa, nikasoma usiku baada ya kufunga oda. Miezi mitatu, kozi tano. Nilijisikia kama profesa. Nikapeleka matokeo kwenye chuo nilichokuwa nakitaka. Kozi mbili zikapokelewa vizuri. Moja, ya uhasibu, ikaingia kama somo la hiari tu, maana yake uhasibu wenyewe ninatakiwa nirudie. Mbili zikakataliwa kabisa. Ile pesa ilikuwa ya mzigo wa vitenge, jamani. Na zile usiku hazirudi.

Kampuni haikunidanganya, hilo niseme. Kozi zake zilikuwa na pendekezo la Baraza la Elimu la Marekani, lile wanaloliita ACE. Tatizo ni kwamba mimi nilisoma "pendekezo" nikaelewa "amri". ACE wanapitia kozi na kusema inastahili krediti kadhaa. Chuo ndicho kinachoamua kuzichukua au kuziacha, na kikizichukua kinaamua kuziweka wapi. Ni sawa na muuzaji wa jumla akuambie kitenge hiki kinauzika. Kwa nani? Hilo ni lako.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Sophia, Study.com au StraighterLine, ipi bora, namjibu kwa swali: unaenda chuo gani? Mteja kwanza, mzigo baadaye. Vipo vyuo vinavyojulikana kwa mkono mpana: Thomas Edison State University ya New Jersey, Charter Oak ya Connecticut, Excelsior ya New York. Southern New Hampshire inaruhusu mpaka krediti 90 kuingia kutoka nje kwenye shahada ya 120. WGU wanaonyesha kabisa kozi gani ya kampuni gani inaziba somo gani la shahada gani. Chuo cha mtaani kwako kinaweza kuwa na sheria nyingine kabisa. Waandikie barua pepe, taja jina la kozi, uliza itaingia badala ya somo gani kwenye shahada yako. Usikubali jibu la "tunapokea". Na jibu liwe la maandishi, ulitunze kama unavyotunza meseji ya muamala.

Chuo ukishakijua, sasa ndiyo tuongee kampuni. Na hapa sisi wauzaji tuna hesabu yetu ambayo mwanafunzi wa kawaida hana.

Sophia nilipojiunga ilikuwa dola 99 kwa mwezi, unafungua kozi mbili kwa wakati mmoja, ukimaliza moja unafungua nyingine, hakuna wa kukusimamia kwenye mitihani. Ukimaliza kozi nne za krediti 3 ndani ya mwezi, krediti moja imekugharimu kama dola 8 na senti 25. Tamu. Ukimaliza moja tu, krediti moja ni dola 33. Na mwezi ambao oda zimekubana hukugusa kitu, umelipa 99 ya hewa. Ni kodi ya fremu hiyo: uuze usiuze, mwenye nyumba anataka chake.

Ndiyo maana mimi ada ya mwezi silipi ovyo. Wateja wangu wananunua sana Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, wananunua Juni kabla ya Juneteenth, halafu Desemba ndiyo usiniulize. Miezi hiyo nafunga usajili kabisa. Januari na Septemba ndiyo nafungua, na siku ya kwanza nakuwa nimeshapanga nitamaliza nini. Wewe unayeuza sare za shule au keki kalenda yako ni nyingine, lakini iangalie kabla ya kuingiza kadi.

StraighterLine wao wana ada ya mwezi na juu yake ada ya kila kozi. Kwa mtu mwenye kipato cha kupanda na kushuka mimi siipendi, japo kuna vyuo vina makubaliano nao mazuri, na kama chako ni kimojawapo, sawa. Study.com ni ghali zaidi kwa mwezi, na mtihani wa mwisho unasimamiwa kwa kamera, paka wako akipita mezani moyo unaruka. Ila wana kozi nyingi za ngazi ya juu, zile za mwaka wa tatu na wa nne, wakati za Sophia karibu zote ni za mwanzo. Kwa hiyo naiweka mwishoni, nikibakiwa na mashimo ya kuziba.

Kuanza, mimi ningeanza na CLEP. Hii ni mitihani ya College Board: unafanya mtihani mmoja, ukipata alama ambayo chuo chako kinataka, mara nyingi 50 kati ya 80, krediti unayo. Modern States wana masomo ya kuiandalia bure, na ukimaliza somo wanakupa vocha ya kulipia mtihani, ambao peke yake ni zaidi ya dola 90. Hakuna ada ya mwezi. Oda zikija unaacha, zikipungua unarudi. Kwa muuzaji hiyo ndiyo biashara. Na vyuo vingi vinaijua CLEP kuliko hizi kampuni.

Mlioko Dar na kwingine nyumbani mnaoniuliza: krediti rahisi ni nusu ya safari. Sehemu ya mwisho ya shahada utailipia chuo cha Marekani kwa dola, halafu cheti ukitaka kukitumia Tanzania kinapita TCU kutambuliwa. Waulizeni TCU kabla, siyo baada. Kwa mtaji wa kawaida mimi ningeuacha kwenye mzigo.

Waliokwisha kuandikia chuo, wekeni kwenye komenti jina la chuo, shahada na jibu mlilopewa. Niko hapa mpaka saa nne usiku, baada ya hapo nafunga parseli za kesho.