Dishi Hili Litasema na Nani?

Mkulima wa Ngulyati apimapo pamba yake anajua kwamba kilo ya Bariadi ndiyo kilo ya Mwanza. Katika intaneti ya setilaiti, ambayo twaambiwa itafika vijijini mahali wasipofika mafundi wa nyaya, mzani wa namna hiyo haupo.

Si kwamba kanuni hazikuandikwa. Ulaya ilitoa yake, DVB-RCS, mwaka 2000. Kampuni ya Hughes ya Marekani ikapeleka yake, IPoS, ikakubaliwa mwaka 2003. Wengine wakachukua DOCSIS, iliyotungwa kwa ajili ya nyaya za televisheni, wakaipandisha angani. Zote tatu zimetumikia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, wala modemu ya hii haielewi lugha ya ile. Bati la dishi laweza kugeuziwa upande mwingine, modemu haigeuki. Kisha ikaja Starlink, ambayo setilaiti zake ziko kilomita zipatazo 550 tu, ikafungua huduma Kenya mwaka 2023. Ina kasi, hatubishi. Lakini kanuni yake ni mali yake, na dishi lake halisemi na setilaiti ya mwingine.

Wananchi walikwisha kuyaona haya kwa ving'amuzi. Mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila kampuni iliuza kisanduku chake, na aliyehama alinunua kingine. Hiyo ilikuwa hasara ya mtu nyumbani kwake. Chombo cha shule au zahanati ni fedha ya umma.

Hatusemi setilaiti zikataliwe. Nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 tulionja sote ubaya wa kutegemea njia moja. Wapo wanaotuambia kwamba mashindano ya makampuni yatashusha bei. Mashindano gani hayo, ikiwa mnunuzi hawezi kuhama bila kutupa chombo chake?

Kwa hiyo twaitaka Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wahakikishe kila zabuni ya vijijini inataja kanuni ya chombo, na kama setilaiti ya kampuni nyingine yaweza kukitumia. Pale isipowezekana, kampuni ikodishe chombo badala ya kukiuza, ili siku ikipandisha bei au kufunga duka, hasara iwe yake, si ya Ngulyati.